Nimeitwa chuo kikuu cha mbali, lakini mimi nataka umeme

Asalaam aleikum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Likoni. Nilifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikapata C+. Fizikia nilipata B-, hisabati C, kemia C. Matokeo yalipotoka baba alilia kwa furaha, kwa sababu kwetu mimi ndiye wa kwanza kufikisha alama ya kuingia chuo kikuu.

Wakati wa kuchagua kozi nilienda saiba na rafiki zangu. Foleni ilikuwa ndefu, kijana wa saiba akawa anatuharakisha, na zile nafasi za mwisho nilijaza kozi yoyote iliyokubali alama zangu. Sasa KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, imenipeleka hiyo ya mwisho kabisa: digrii ya sayansi ya mazingira, katika chuo kikuu kilicho magharibi mwa nchi. Sina ubaya na kozi hiyo, ila sijui nitaisoma kwa ajili ya nini. Ninachopenda ni umeme. Tangu shule ya msingi mimi ndiye ninayetengeneza pasi na feni za nyumbani na za majirani, na kuna fundi mmoja wa mtaani hunichukua siku za likizo tukavute nyaya kwenye nyumba mpya.

Nilitaka kuomba diploma ya umeme hapa hapa Mombasa. Ami yangu, ambaye ndiye aliyenilipia karo ya sekondari, hataki hata kusikia. Anasema mtu wa C+ hawezi kwenda kukaa darasa moja na watu wa C-, na kwamba digrii ni digrii. Nikijaribu kujitetea hunijibu, "Mchagua jembe si mkulima."

Mama naye ameletewa habari za chuo kimoja cha binafsi mjini. Wanasema kwa miezi sita wanakutoa ofisa wa meli, na kazi ya melini wanakutafutia wao wenyewe. Ada ni shilingi 85,000, na nyingine 30,000 za kutafutiwa meli. Wanataka nusu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama anauza mahamri na viazi vya karai, na amesema yuko tayari kutoa pesa zake zote za chama. Baba ni kibarua bandarini, wiki hii anapata kazi, wiki ijayo hapati. Yeye amesema nitakaloamua ni sawa, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Nifuate lipi? Na nikishaingia chuo, nifanye nini nisije nikawa kama kaka zetu wengi hapa mtaani, wenye vyeti ndani na wao wako maskani bila kazi?

Msichana wa Likoni

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na la Ijumaa kwa sababu lina haraka. Pesa za chama cha mama zisitoke.

Kazi ya ubaharia ina masharti ya dunia nzima. Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, ndio unaosema nani anaweza kupewa cheti gani, na hapa Kenya unasimamiwa na KMA, mamlaka ya serikali ya mambo ya baharini. Kwa mujibu wa mkataba huo, ofisa wa zamu kwenye sitaha lazima awe amefanya kazi baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na asiyepitia mafunzo ya namna hiyo anatakiwa miezi 36. Basi hakuna chuo, kiwe cha serikali au cha binafsi, kinachoweza kumtoa msichana wa Likoni ofisa wa meli kwa miezi sita. Kinachomalizika kwa muda mfupi ni mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako melini. Mafunzo hayo ni ya maana na kila baharia anayahitaji, lakini hayamfanyi mtu kuwa ofisa.

Zile 30,000 za kutafutiwa meli ndizo zilizonikasirisha hasa. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa pesa ili atafutiwe kazi. Anayoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Mtu anayemwomba mama yako pesa za kazi anamwomba kitu ambacho sheria imemwondolea. Nenda ofisini kwao na mama, uwaombe mambo mawili: cheti cha usajili kutoka TVETA, yaani mamlaka inayosajili vyuo vyote vya ufundi chini ya sheria ya 2013, kikitaja hiyo kozi yenyewe, na idhini ya KMA kwa mafunzo hayo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi ya kompyuta kikafundisha na ubaharia bila ruhusa, kwa hiyo usiridhike na fremu iliyotundikwa ukutani. Isome mpaka uone jina la kozi. Kisha hakikisha TVETA na KMA wenyewe wanasema hivyo hivyo. Chuo cha haki hakitakunyima karatasi hizo wala hakitakukimbiza kwa Ijumaa.

Sasa tuje kwa ami.

Mheshimu sana. Amekulipia karo miaka yote ya sekondari, na anachokitetea ni jasho lake. Lakini methali ya jembe anaielekeza pasipo pake. Inamsema anayetafuta sababu ya kukwepa shamba. Wewe shamba lako unalijua na umeshaanza kulilima kwa mikono yako siku za likizo. Wanafunzi wa namna yako ni wachache, wengi huja kuuliza wapende nini.

Hilo la kukaa na watu wa C- linaumiza familia nyingi za Pwani bila sababu. C- ndiyo alama ya chini kabisa inayokubaliwa kuingilia diploma. Haina maana kwamba kila aliye darasani ana C-. Na C+ yako haiozi. Ukimaliza diploma ya umeme bado utakuwa na alama ya kuingilia chuo kikuu, na utakuwa na diploma juu yake. Vyuo vikuu vingine humwanzisha mwaka wa pili mtu mwenye diploma nzuri ya fani ile ile. Sharti hilo hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo ukifika huko uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Nikwambie ukweli mwingine ambao ami atauheshimu. Diploma itakufanya fundi sanifu. Haitakufanya mhandisi. Mhandisi husajiliwa na EBK, bodi ya wahandisi, ambayo hutaka digrii ya uhandisi inayoitambua, na digrii hizo hutaka hisabati yenye nguvu kuliko C yako. Wanaosajili mafundi sanifu na wanateknolojia wa uhandisi ni KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na anayetaka kufunga umeme kwenye majumba kwa jina lake lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Majina haya yaandike kwenye daftari. Kila kazi ina mlinzi wake mlangoni: muuguzi ana Baraza la Wauguzi, mfamasia ana Bodi ya Dawa na Sumu, na mhasibu hupita kwa mitihani ya KASNEB. Kabla ya kuuliza chuo kina jina gani, mtu aulize kama mlinzi huyo atakikubali cheti kitakachotoka humo. Ndugu zako hao wa maskani, wengi wao hawakukosa akili. Walisomea karatasi ambayo hakuna mwajiri aliyekuwa akiihitaji, au walitoka na karatasi nzuri na mikono mitupu, na hili la pili nitalirudia.

Kuhusu ile digrii ya mazingira, usiidharau. Ina kazi zake, na NEMA, mamlaka ya mazingira, huwapa leseni wataalamu wa kutathmini athari za miradi kwa mazingira. Kama ungeniandikia kwamba mikoko ya Mwache inakukosesha usingizi, ningekwambia panda basi kesho. Lakini umeniambia hujui utaisoma kwa ajili ya nini, na miaka minne mbali na nyumbani ni mirefu kwa kozi ya namna hiyo. Tena ni ghali kuliko ami anavyodhani. Kuitwa na KUCCPS hakuna maana ya kulipiwa kila kitu. Chini ya utaratibu ulioanza 2023, ambao umekuwa ukibishaniwa mahakamani, hali ya familia inapimwa, kisha unapewa sehemu ya ufadhili na sehemu ya mkopo, na kinachobaki analipa mzazi. Ongeza nyumba ya kupanga, chakula, na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Yote hayo yatamtegemea kibarua wa bandarini na muuza mahamri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni diploma ya umeme, Mombasa. Una milango miwili ya serikali karibu. Mmoja ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, ambacho hufundisha diploma na digrii pia. Mwingine ni Kenya Coast National Polytechnic. Mwambie ami kwamba TUM ndiyo ile Poly ya zamani. Ilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, kikapokea wanafunzi 1951, kikawa Mombasa Polytechnic 1972, na chuo kikuu kamili 2013. Mafundi wangapi wa umri wake, wenye nyumba zao na watoto wao waliosoma, walipita pale wakatoka na diploma tu? Awahesabu mwenyewe.

Usichague kati ya viwili hivyo kwa kusikia. Nenda siku ya masomo, si Jumamosi, uombe kuiona karakana ya umeme. Tazama kama mashine zinatumika au zina vumbi. Hesabu wanafunzi wangapi wanagombea meza moja. Kisha mkae nje na wanafunzi wa mwaka wa mwisho uwaulize: mara ya mwisho mmefunga mota kwa mikono yenu lini? Mmefundishwa PLC, zile kompyuta ndogo zinazoendesha mashine za viwandani, kwa vitendo au kwa picha ubaoni? Mwaka jana walipata wapi nafasi za kwenda kujifunza kazini, na chuo kiliwasaidia? Majibu ya wanafunzi yatakufaa kuliko kijitabu chochote cha matangazo. Uliza pia mtihani wa mwisho unatungwa na nani, kwa sababu kuna diploma za KNEC, baraza la mitihani la taifa, kuna za CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa vyuo vya ufundi, ambazo huitwa ngazi ya 6, na chuo kikuu kina zake. Zote zina mahali pake, lakini ujue ni ipi unayoifanya tangu siku ya kwanza.

Na kama bahari bado inakuita, umeme haukufungii. Marekebisho ya Manila ya 2010 yaliingiza kwenye STCW cheo cha ofisa wa umeme na elektroniki melini. Hutakiwa si chini ya miezi 12 ya karakana na bahari pamoja, na angalau sita kati ya hiyo iwe baharini. Ukimaliza diploma, nenda Bandari Maritime Academy, ambacho ni cha serikali na kiko hapa hapa, uulize njia ya kufika huko.

Kuhusu utaratibu: nafasi za vyuo vya ufundi vya serikali nazo huombwa kupitia KUCCPS, na baada ya nafasi kutangazwa huwa kuna kipindi cha kuomba uhamisho. Ingia kwenye tovuti yao leo uone tarehe. Safari hii usiende na foleni ya marafiki. Nenda asubuhi peke yako au na baba, na kozi zako ziwe zimeandikwa kwenye karatasi kabla hujakaa kwenye kiti, kijana wa saiba asikuamulie maisha. Usijiunge na kile chuo cha mbali halafu ukaacha katikati, maana mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, utakaokuwa umeshachukua utakudai vilevile. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia hupewa mkopo wa HELB, na karo zao ni nafuu. Ombeni na basari ya kaunti na ya CDF, mfuko wa eneo bunge, ya Likoni, kila mwaka, hata kama mwaka uliotangulia mlinyimwa.

Nafasi ikishapatikana, usafiri wako uupangie mapema. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini foleni ya asubuhi haijui kwamba una somo la vitendo saa mbili. Ukikosa mhadhara utanakili daftari la mwenzako. Karakana ikikupita, imekupita. Kama kuna shangazi au jamaa upande wa kisiwani anayeweza kukupa kitanda siku za masomo, familia ilizungumze kabla muhula haujaanza.

Hapo ndipo penye ile mikono mitupu niliyoitaja. Nimewaona wasichana katika karakana nyingi. Wanawekwa vikundi, wavulana watatu wanashika koleo na mita, na msichana anapewa kalamu aandike vipimo kwa sababu ana mwandiko mzuri. Anaandika mwaka wa kwanza, anaandika mwaka wa pili, anapata alama nzuri, na siku ya kwanza kazini hajui kukaza waya ndani ya kontakta, ile swichi ya kuwashia mota. Ukatae hilo tangu wiki ya kwanza. Sema kwa adabu, "Leo mimi nafunga, wewe andika." Wakinuna, mwambie mwalimu wa karakana mbele yao kwamba unataka zamu. Wewe umeshavuta nyaya na fundi wa mtaani, unajua waya moto unavyoheshimiwa. Usiache kazi hiyo ya likizo hata ukiwa chuoni. Omba fundi wako akupeleke kwenye kazi za kutafuta hitilafu, maana kuvuta waya kwenye nyumba mpya ni kazi ya nguvu, na kugundua kwa nini nyumba ya zamani inakata umeme kila usiku ni kazi ya akili.

Atachimenti, yaani ile nafasi ya kujifunza kazini, usiingoje mpaka chuo kikupe barua mwezi wa mwisho, wakati wenzako wote wanabisha milango ile ile. Anza kutembea muhula mmoja kabla. Bandari na Kenya Power kila mtu anazikimbilia, omba na wewe, lakini usiishie hapo. Nenda Shimanzi na Changamwe kwenye viwanda na maghala. Nenda hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Hoteli kubwa ina jenereta, lifti, pampu, mashine za kufulia na mitambo ya baridi, vyote chini ya mhandisi mmoja na mafundi wachache, na mwanafunzi hushika vingi kwa muda mfupi. Msimu wa masika, wageni wakipungua, hoteli nyingi hufanya ukarabati, na hapo mkono wa ziada unakaribishwa. Chukua barua ya chuo na bima ya ajali, kwa kuwa wengi huiulizia mlangoni. Kitabu chako cha kumbukumbu za kazi kijaze kila jioni: ulirekebisha nini, ulikosea wapi, nani alikuonyesha. Na nambari ya simu ya fundi aliyekufundisha vizuri usiipoteze, maana kazi nyingi za ufundi Mombasa zinapita kwa fundi anayemjua fundi.

Jambo moja nalisema kwa ufupi lakini nalisema kwa uzito. Akitokea mwalimu au msimamizi anayetaka kitu chako ili akupe alama au nafasi, usijilaumu na usinyamaze. Andika tarehe na maneno yake, mwambie mama, na mpeleke malalamiko kwa mkuu wa wanafunzi mkiwa wawili.

Hisabati yako ni C. Umeme wa diploma una hisabati nyingi, na ndiyo inayowaangusha wengi mwaka wa kwanza. Una wiki kadhaa kabla ya kufungua. Rudia aljebra na trigonometria ya kidato cha tatu na cha nne, na tafuta mwalimu wako wa zamani akuonyeshe pale ulipokwama kwenye mtihani.

Kwa ami usiende na maneno matupu. Mchukue siku ile ya kutembelea karakana, yeye na baba wote wawili. Baba amesema utakaloamua ni sawa kwa sababu chuo hakijui ndani kukoje. Akishaona mitambo unayotaka kuisomea atakuwa na la kusema, na wewe unahitaji sauti yake. Mwombe ami awaulize walimu maswali yote aliyonayo kuhusu digrii ya baadaye, na majibu ayasikie kwa masikio yake. Akiendelea kukataa baada ya hapo, niandikie tena kabla kipindi cha uhamisho hakijafungwa, na uniambie alichouliza na alichojibiwa.